Springi na mafuta ya shokapu za mbele za pikipiki

Springi na mafuta ya shokapu za mbele ni vitu viwili vinavyoamua jinsi gurudumu la mbele la pikipiki linavyobeba uzito na kupita juu ya mashimo ya barabara. Springi hubeba uzito. Mafuta hayabebi uzito. Kazi yake ni kupunguza kasi ya springi inapobonyea na inaporudi juu. Pikipiki ndogo za biashara, zile za sentimita za ujazo 100 hadi 150 zinazotumiwa na bodaboda, hutoka kiwandani zikiwa na springi na mafuta ya aina moja kwa wanunuzi wote. Dereva wa kilo 55 na dereva wa kilo 95 hupewa kitu kilekile, na kwa kawaida hakuna skrubu ya kurekebisha shokapu za mbele.

Marekebisho hufanywa kwa njia tatu: kubadilisha springi, kuongeza mbano wake wa awali, na kubadilisha aina au kiasi cha mafuta. Njia hizi hazifanyi kazi moja. Kosa la kawaida ni kumwaga mafuta mazito kwenye shokapu inayozama kwa sababu ya springi laini au iliyochoka. Shokapu ya namna hiyo huhisiwa ngumu ikisukumwa kwa mkono gereji, lakini dereva akikaa juu yake inaendelea kuzama kama kawaida, kidogo kidogo tu.

Muundo

Shokapu za mbele huwa mbili, moja kila upande wa gurudumu. Kila moja ina bomba la ndani la chuma laini kinachong'aa, lililobanwa juu na vishikizo vya usukani, na bomba la nje, mara nyingi la alumini, linaloshika ekseli ya gurudumu. Bomba la nje huteleza juu na chini kwenye bomba la ndani. Ndani mna springi ndefu, mafuta na hewa kidogo. Sili ya mpira iliyo kwenye mdomo wa bomba la nje huzuia mafuta yasitoke, na juu yake mna kifuniko cha kuzuia vumbi. Juu kabisa shokapu hufungwa kwa nati inayoikandamiza springi.

Katika pikipiki ndogo kuna fimbo yenye matundu iliyosimama chini ndani ya kila shokapu. Shokapu ikibonyea au kutanuka, mafuta hulazimika kupita kwenye matundu hayo, na upinzani wake ndio unaozuia pikipiki isirukeruke baada ya kila tuta. Matundu hayabadiliki. Kwa hiyo mwendo ukiwa wa polepole upinzani ni mdogo sana, na mwendo ukiongezeka upinzani hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe: kasi ikiwa mara mbili, upinzani hukaribia mara nne. Hiyo ndiyo sababu shokapu za aina hii huzama upesi dereva anaposhika breki taratibu, lakini hupiga mikono akiingia ghafla kwenye shimo lenye kingo kali.

Pikipiki za kwanza zilizouzwa kwa wingi zikiwa na shokapu za mabomba zinazotumia mafuta ni BMW R12 na R17 za mwaka 1935. Baada ya Vita Kuu ya Pili muundo huo ulienea duniani, na ule wa pikipiki ndogo za leo haujabadilika sana tangu wakati huo.

Mazingira ya Ivuna na Wilaya ya Momba

Ivuna ni kata ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, karibu na Ziwa Rukwa. Nje ya nchi jina lake linajulikana zaidi kwa kimondo kilichoanguka huko tarehe 16 Desemba 1938, na kwa wanaakiolojia linajulikana kwa utengenezaji wa chumvi wa kale. Kwa pikipiki, jambo la maana ni umbo la ardhi. Mji wa Tunduma, mpakani na Zambia, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko takriban mita 800. Anayetoka nyanda za juu za Tunduma au Mlowo kwenda bondeni anateremka mamia ya mita, na sehemu kubwa ya njia za vijijini ni za changarawe na udongo.

Mazingira haya yanagusa shokapu za mbele kwa njia nne. Kwenye mteremko uzito huegemea mbele muda wote, na breki huongeza hapo. Changarawe iliyopitwa na magari mengi hufanya mikunjo kama ya bati, inayotikisa gurudumu mara nyingi kwa sekunde. Joto la bondeni hufanya mafuta yawe mepesi. Na vumbi la kiangazi pamoja na tope la masika hula sili. Halafu kuna mzigo: magunia ya mpunga na ufuta, madumu, na abiria. Kanuni za usafiri wa pikipiki nchini Tanzania huruhusu abiria mmoja tu, lakini "mishikaki", yaani abiria wawili au zaidi kwenye pikipiki moja, huonekana barabarani, na hakuna springi ya mbele inayoweza kuifanya salama.

Uzito unakaa wapi

Kabla ya kuchagua springi ni lazima kujua ni kiasi gani cha uzito kinafika mbele. Watu wengi hudhani kwamba gunia likiongezwa, shokapu za mbele nazo zinahitaji kukazwa. Mara nyingi sivyo.

Chukua mfano wa pikipiki ya kilo 120, yenye mita 1.28 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Karibu asilimia 47 ya uzito wake hukaa mbele, yaani kilo 56. Dereva huketi katikati kuelekea nyuma, hivyo asilimia 38 hivi ya uzito wake huenda mbele: dereva wa kilo 70 huongeza kilo 27. Abiria huketi karibu na juu ya ekseli ya nyuma. Abiria wa kilo 65 huongeza mbele kilo 6 au 7 tu, na zaidi ya kilo 58 hubebwa na gurudumu la nyuma. Gunia la kilo 50 lililofungwa kwenye keria, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 10 nyuma ya ekseli ya nyuma, haliongezi chochote mbele. Linapunguza karibu kilo 4, kama mtoto aliyekaa nje kidogo ya ncha ya bembea. Ndiyo maana pikipiki iliyobeba mizigo nyuma huwa na usukani mwepesi unaopepea.

Hali hugeuka dereva anaposhika breki. Uzito unaohamia mbele hupatikana kwa kuzidisha uzito wote, nguvu ya breki na kimo cha kitovu cha uzito, kisha kugawa kwa umbali kati ya ekseli. Pikipiki ya mfano ikiwa na dereva peke yake ina kilo 190. Akipunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, hiyo ikiwa breki kali lakini ya kawaida kwenye njia kavu, na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 juu ya ardhi, kilo 45 huhamia mbele. Akiwa na abiria, uzito wote ni kilo 255 na kitovu hupanda hadi sentimita 70 hivi. Kinachohamia mbele sasa ni kilo 71. Mteremko wa mita 10 kwa kila mita 100 huongeza kilo 14 nyingine hata kabla breki haijaguswa.

Abiria ambaye pikipiki ikisimama alikuwa kilo 6 tu mbele, kwenye breki anahisiwa kama kilo 30 zaidi. Shokapu iliyokwisha kuzama kwa sababu ya springi laini haina nafasi ya kuupokea uzito huo. Hugonga mwisho, na kuanzia hapo gurudumu la mbele halifuati tena barabara bali linaruka juu ya kila jiwe. Gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halipindi.

Kupima mzamo

Mzamo ni umbali ambao shokapu hushuka kwa uzito uliopo juu yake pikipiki ikiwa imesimama. Ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji chombo zaidi ya futi ya kupimia na kipande cha uzi au raba.

Pikipiki husimamishwa kwenye stendi ya kati, au injini hutegemezwa kwa kreti, mpaka gurudumu la mbele lining'inie hewani. Hapo hupimwa urefu wa sehemu ya bomba la ndani inayoonekana, kutoka kwenye mdomo wa sili hadi kishikizo cha chini. Kisha pikipiki hushushwa chini, dereva huketi akiwa na koti, helmeti na vitu anavyobeba kila siku, miguu ikiwa kwenye pedali, huku mtu mmoja akishika pikipiki isianguke na mwingine akipima. Kwa kuwa sili husugua na kuishikilia shokapu, hupimwa mara mbili: kwanza baada ya kuisukuma chini na kuiachia ipande polepole, kisha baada ya kuinyanyua na kuiachia ishuke polepole. Wastani wa vipimo hivyo viwili hutolewa kwenye urefu wa mwanzo. Jibu ndilo mzamo.

Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 15 hivi, shida huenda si springi: bomba limepinda, ekseli imefungwa ikiwa imekaa vibaya, au sili ni kavu.

Kwa shokapu zenye mwendo wa milimita 120, mzamo unaofaa barabarani pamoja na dereva ni kati ya milimita 30 na 40, yaani robo hadi theluthi ya mwendo wote. Kwenye njia mbaya theluthi inafaa zaidi, kwa sababu gurudumu linahitaji pia nafasi ya kushuka ndani ya shimo, si ya kupanda juu ya tuta tu. Mzamo chini ya milimita 20 unaonyesha springi ngumu kupita kiasi kwa dereva huyo. Zaidi ya 45, springi ni laini, imechoka, au mbano wake hautoshi.

Ugumu wa springi

Ugumu wa springi hupimwa kwa nyutoni kwa milimita: ni nguvu kiasi gani inayotakiwa ili ibonyee milimita moja. Kwenye maduka ya nje hutumika pia kilo kwa milimita, na kilo 1 kwa milimita ni sawa na nyutoni 9.81. Shokapu zikiwa mbili, ugumu wa springi zote mbili hujumlishwa.

Ugumu hutegemea unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko iliyo wazi. Unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko vyote, kwani ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene. Waya wa milimita 4, wenye mzunguko wa wastani wa milimita 20 na mizunguko 63, hutoa springi ya nyutoni 5 hivi kwa milimita. Waya ukiwa milimita 4.2, vingine vyote vikibaki vilevile, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 22. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo dukani. Springi mbili zinazofanana kwa urefu na kwa sura zinaweza kuwa bidhaa mbili tofauti kabisa, kwa hiyo waya hupimwa kwa kaliperi.

Njia ya hakika zaidi ni kuipima springi yenyewe. Springi ya shokapu ni ndefu na hupinda ikisimamishwa peke yake, kwa hiyo huvishwa kwenye bomba au nondo iliyonyooka. Juu yake huwekwa kibao chenye tundu la kupitisha nondo na ndoo mbili tupu kila upande, zikilingana. Urefu hupimwa, kisha hutiwa lita 10 za maji katika kila ndoo na urefu hupimwa tena. Lita 20 za maji ni kilo 20, sawa na nyutoni 196. Springi ya nyutoni 5 kwa milimita itakuwa imefupika milimita 39; ile ya nyutoni 6.1 itafupika 32.

Pikipiki ya mfano ikiwa na springi mbili za nyutoni 5, jumla 10, na mbano wa awali wa milimita 20, dereva wa kilo 60 hupata mzamo wa milimita 36 hivi. Hesabu hii hutoa kwanza kilo 15 za gurudumu na sehemu nyingine za chini ambazo springi hazizibebi, na huzingatia kwamba shokapu zimelala. Dereva wa kilo 90 kwenye pikipiki hiyohiyo hupata milimita 46. Kilo 30 za mwili zimekuwa sentimita moja ya mzamo. Haionekani kubwa, lakini ni sehemu ya kumi na mbili ya mwendo wote iliyotumika kabla safari haijaanza. Ili arudi kwenye 36 bila kugusa mbano, springi zake zinatakiwa kuwa na jumla ya nyutoni 11.7, karibu asilimia 17 zaidi.

Mbano wa awali

Springi huwa ndefu kuliko nafasi yake, hivyo nati ya juu ikifungwa inakuwa tayari imebanwa. Mbano huo huongezwa kwa kuweka kipande cha bomba au washa kati ya springi na nati. Ni njia rahisi kuliko zote, na kwa dereva wa kilo 90 wa mfano huu kipande cha milimita 10 kingerudisha mzamo hadi 36.

Hata hivyo springi yenyewe haijawa ngumu zaidi. Kila nyutoni 10 zinazoongezwa na breki bado zinaishusha shokapu milimita moja, kama awali. Mbano huinua mahali pa kuanzia tu. Kwa tofauti ya kilo 10 au 15 kutoka kwa dereva ambaye kiwanda kilimfikiria, hiyo inatosha. Kwa tofauti kubwa zaidi springi hubadilishwa.

Kuna hatari moja inayosahaulika. Kipande kikiwa kirefu mno, mizunguko ya springi hugusana kabla shokapu haijafika mwisho wa mwendo wake, na hapo springi inakuwa sawa na nondo. Kishindo chote huenda kwenye nati ya juu na nyuzi zake. Ili kuhakikisha, unene wa waya huzidishwa kwa idadi ya mizunguko yote: jibu ni urefu wa springi iliyofungana. Urefu wa springi ikiwa ndani ya shokapu iliyotanuka, ukitoa mwendo wote wa shokapu, lazima ubaki mkubwa kuliko jibu hilo, walau kwa milimita chache.

Baadhi ya mafundi hukata springi ili iwe ngumu. Kimahesabu ni kweli: springi ya mizunguko 63 ikikatwa 6, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 10, na urefu uliopotea hujazwa kwa kipande cha bomba. Lakini springi nyingi za pikipiki ndogo zina mizunguko iliyosongamana upande mmoja na iliyoachana upande mwingine. Ile iliyosongamana hufungana mapema na ndiyo inayotoa ulaini wa mwanzo. Akiikata hiyo, fundi huondoa ulaini na kuacha ugumu wa mwisho karibu palepale. Akikata upande mwingine, hubadilisha yote mawili. Ncha iliyokatwa kwa tindo na kuachwa na makali hukwangua bomba kwa ndani na kuchafua mafuta kwa unga wa chuma. Ncha iliyopashwa moto kwa gesi hupoteza ukakamavu wake. Springi mbili zisizolingana urefu baada ya kukatwa ni tatizo la nne.

Springi iliyochoka hutambuliwa kwa urefu. Kitabu cha pikipiki hutoa urefu wa springi mpya na kikomo cha chini. Ikipita kikomo hubadilishwa, zote mbili kwa pamoja.

Mnato wa mafuta

Mafuta huchaguliwa baada ya springi, siyo kabla. Springi ngumu zaidi hurudi juu kwa nguvu zaidi, hivyo huhitaji mafuta yenye mnato mkubwa kidogo ya kuituliza. Dereva mzito aliyeweka springi ngumu hupanda daraja moja, kwa mfano kutoka mafuta ya 10W hadi 15W. Dereva mwepesi mwenye springi za kiwandani hukaa na yale ya kiwandani au kushuka.

Namba kama 10W na 15W kwenye chupa za mafuta ya shokapu haziaminiki sana. Kila mtengenezaji ana kipimo chake, na 10W ya mmoja inaweza kuwa nyepesi kuliko 7.5W ya mwingine. Kinacholinganishwa ni mnato kwa sentistoki katika nyuzi 40 za Selsiasi, ambao watengenezaji makini huuandika. Mafuta mengi yaitwayo 10W huwa karibu na sentistoki 30 hadi 40.

Mafuta ya giaboksi otomatiki ya magari, yajulikanayo kama ATF, yana mnato wa karibu sentistoki 35 katika nyuzi 40, na hupatikana karibu kila mji wenye duka la vipuri vya magari. Si mbadala wa kubahatisha: vitabu vya pikipiki za Honda vya miaka ya 1970 vyenyewe viliagiza mafuta hayo kwa shokapu za mbele. Kwa pikipiki ya biashara ambayo kitabu chake kinataka mafuta ya 10W, ATF safi ni chaguo zuri.

Mafuta ya injini ya 20W-50 ni jambo jingine. Katika nyuzi 40 mnato wake huzidi sentistoki 140, mara nne ya ATF au zaidi. Kwenye njia yenye mikunjo ya bati madhara yake huonekana waziwazi. Mikunjo ikiachana kwa sentimita 70 na pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, gurudumu hupigwa mara 16 kila sekunde. Mafuta mazito hayairuhusu shokapu kurudi juu kabla ya pigo linalofuata. Kila pigo huiacha chini zaidi ya lile lililotangulia, mpaka pikipiki inatembea juu ya shokapu zilizofungana. Dereva huona usukani umekuwa mgumu na mikono inakufa ganzi, hudhani springi ni laini, na akirudi gereji huongezewa mafuta mazito zaidi.

Mafuta ya breki hayawekwi kwenye shokapu kamwe. Si mafuta halisi ya kulainisha, huharibu sili ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake, na yakivuja hubabua rangi.

Joto hubadilisha mnato wa mafuta yote. Mafuta ya aina ya ATF hupoteza karibu nusu ya mnato wake yakipanda kutoka nyuzi 40 hadi 60. Kwa hiyo shokapu iliyopimwa asubuhi ya baridi Tunduma si ileile itakapofika bondeni mchana baada ya saa mbili za changarawe. Marekebisho ya mafuta hupimwa mahali pikipiki inapofanyia kazi, ikiwa imekwisha kutembea.

Kiasi cha mafuta na hewa iliyobaki

Hewa iliyofungiwa juu ya mafuta nayo ni springi. Shokapu ikibonyea, hewa hubanwa kwenye nafasi ndogo na kusukuma kwa nguvu inayopanda kwa kasi mwishoni mwa mwendo. Mafuta yakiongezwa, hewa hupungua na nguvu hiyo huongezeka.

Shokapu yenye bomba la ndani la kipenyo cha milimita 30 na mwendo wa milimita 120 hupunguza nafasi ya ndani kwa mililita 85 ikibonyea yote. Ikiwa na mililita 200 za hewa mwanzoni, kanieneo mwishoni hufika mara 1.7 ya ile ya nje, na nguvu ya ziada ni nyutoni 53. Zikiongezwa mililita 30 za mafuta, kanieneo hufika mara 2 na nguvu ni nyutoni 72. Zikiongezwa 80, hufika mara 3.4 na nyutoni 174, karibu kilo 18 kwa kila shokapu. Zikiongezwa 110 hubaki mililita 5 tu za hewa, na kanieneo hufika mara 18, jambo ambalo sili haiwezi kuvumilia.

Mililita 10 au 20 zaidi, kwa hiyo, ni njia nzuri kwa dereva ambaye mzamo wake ni sahihi lakini shokapu hugonga mwisho kwenye breki kali akiwa na abiria. Haigusi mzamo wala ulaini wa mwanzo. Kujaza kwa kukisia ndiko kunakopasua sili, kisha mafuta hutiririka hadi kwenye diski ya breki au kuingia kwenye gurudumu lenye breki za ndani, na breki ya mbele ndiyo inayosimamisha sehemu kubwa ya uzito.

Kiwango hupimwa springi ikiwa imetolewa na shokapu imebonyezwa hadi mwisho, kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi usawa wa mafuta, kwa rula. Kipimo hiki kinaaminika kuliko mililita, kwa sababu mafuta kidogo ya zamani hubaki ndani siku zote. Shokapu zote mbili lazima zilingane.

Kubadilisha

Gurudumu la mbele hunyanyuliwa hewani kabla nati ya juu haijaguswa. Nati imesukumwa na springi na inaweza kuruka usoni ikifika uzi wa mwisho, kwa hiyo hukandamizwa kwa kiganja huku ikifunguliwa, kichwa kikiwa pembeni. Pikipiki nyingi zina skrubu ndogo chini ya bomba la nje ya kutolea mafuta. Zisizo nayo hushushwa shokapu na kupinduliwa. Shokapu hubonyezwa mara kadhaa ili mafuta yote yatoke.

Rangi ya yanayotoka ina habari. Kijivu chenye kumeta ni unga wa chuma wa vichaka vilivyolika au springi inayokwangua. Maziwa ni maji yaliyopita kwenye sili, jambo la kawaida kwa pikipiki zinazovuka mito wakati wa masika. Meusi yenye harufu kali ni mafuta yaliyokaa miaka.

Mafuta mapya hupimwa kwa sirinji kubwa au kikombe chenye alama, shokapu husukumwa juu na chini polepole mpaka mapovu yaishe, kisha kiwango hupimwa kwa rula. Springi hurudishwa ikielekea upande uleule iliokuwa nao. Mafuta machafu hukusanywa kwenye dumu: mito ya Momba na Songwe huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka, na kinachoingia humo hakina njia nyingine.

Bomba la ndani lililopata kutu au mkwaruzo hukata sili mpya ndani ya siku chache. Kidole kikipitishwa juu yake kikihisi ncha, ncha hiyo husuguliwa kwa msasa laini wenye mafuta kabla ya sili kuwekwa. Mipira yenye mikunjo inayofunika bomba, ambayo madereva wengine huivua kwa ajili ya sura, huongeza sana maisha ya sili kwenye vumbi.

Baada ya kazi mzamo hupimwa upya, na pikipiki hujaribiwa kwanza bila abiria. Uzi uliofungwa kwenye bomba la ndani juu ya sili husukumwa na shokapu na kubaki mahali palipofikiwa mbali zaidi. Baada ya safari ya kawaida yenye breki kali na njia mbaya, uzi ukiwa umebakiza milimita 10 hivi kufika mwisho, springi, mbano na mafuta vimelingana na dereva. Ukiwa umefika mwisho kabisa, huongezwa mafuta kidogo au springi ngumu zaidi, kulingana na mzamo uliopimwa. Ukiwa umebaki katikati, dereva anatembea juu ya springi ngumu kuliko uzito wake.